Ndugu, unga na kimya: Mombasa ikiigizwa, nani atakaa katikati ya picha?

Kaa kwenye maskani yoyote ya Mombasa, iwe Kibokoni, Majengo au Likoni, uwaulize vijana ni kisa gani cha mji huu kinachofaa kutengenezewa filamu. Hutangoja sana. Mmoja atataja jina la Akasha. Wa pili ataongeza habari za magari na majumba. Wa tatu ataanza kugawa nafasi: nani aigize kaka mkubwa, nani aigize mdogo wake. Ndugu wawili, unga, pesa, na safari ya ndege hadi jela ya Marekani. Kila kitu kipo, watasema, imebaki kamera tu.

Siwalaumu. Kisa kipo, na iko siku kitatengenezwa, kama si na sisi basi na wageni. Lakini kabla hatujakimbilia kugawa nafasi, msomaji wangu, kuna swali moja linafaa kuulizwa: kamera itawekwa wapi? Maana katika sinema, anayewekwa katikati ya picha ndiye anayeonewa huruma. Anayebaki pembeni hufa bila hata jina lake kutajwa, na watazamaji wakaendelea kula bisi zao.

Filamu nyingi za ndugu na uhalifu zinafanana. Huanza na umaskini, au na baba aliyeuawa. Ndugu huapa kushikamana. Pesa huja, na pamoja nazo suti, miwani na wanawake. Kisha mmoja humsaliti mwenzake, damu humwagika, na mtazamaji hutoka pale akisikitikia udugu uliovunjika. Biashara yenyewe haikumsikitisha. Funzo analokwenda nalo nyumbani ni kwamba lau ndugu wale wangeshikamana zaidi, mambo yangewanyookea. Kwa kijana asiye na kazi, hilo si onyo hata kidogo. Ni ushauri wa biashara.

Ndiyo maana napenda kuwaelekeza vijana kwenye filamu moja ambayo haikutoka Hollywood. Inaitwa Animal Kingdom, ya mwaka 2010, kutoka Australia. Mwelekezi wake ni David Michôd, na ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Ni filamu huru, isiyotoka kwenye kampuni kubwa za sinema. Hata hivyo ilipata tuzo ya majaji katika kundi la filamu za mataifa mengine kwenye tamasha la Sundance mwaka huo, na Jacki Weaver, aliyeigiza mama wa ndugu hao, akateuliwa kuwania Oscar. Baadaye Wamarekani walikichukua kisa wakakifanya tamthilia ya televisheni. Mimi nazungumzia ile ya asili.

Inaanza hivi. Kijana wa miaka 17 ameketi kwenye kochi, televisheni inaonyesha mchezo wa kushindania pesa. Kando yake mama yake amelala. Wanapoingia watu wa ambulensi ndipo tunaelewa kwamba hakulala. Amezidisha heroini na amekufa. Kijana anajibu maswali huku jicho likirudi kwenye televisheni. Kisha anampigia simu nyanya yake, kwa sababu hajui afanye nini.

Kwa nyanya ndiko waliko wajomba zake watatu, pamoja na rafiki yao Baz ambaye wanamhesabu kama ndugu. Ni majambazi wa kuvamia mabenki, na mmoja wao anauza dawa za kulevya. Nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kuna jiko, kuna makochi, kuna mama anayewabusu wanawe na kuuliza nani amekula na nani hajala.

Polisi wanampiga risasi Baz wakamuua. Wajomba wanalipiza kwa kuwaua polisi wawili vijana ambao hawakuhusika na kifo kile. Gari lililotumiwa kuwavuta mtegoni liliibwa na mpwa wao, kwa kuagizwa, bila kujua linatakiwa kwa kazi gani. Kuanzia hapo nyumba inageuka. Mpelelezi mmoja anataka kijana awe shahidi. Wajomba wanaanza kumtazama kwa jicho jingine. Mjomba mkubwa anamuua msichana wa kijana yule, heroini ikiwa ndiyo silaha yake ya kwanza, kwa shaka tu kwamba huenda amesema neno. Na nyanya, yule yule wa kubusu, anakwenda kuonana na polisi fisadi ili mjukuu wake wa damu aondolewe, wanawe wasifungwe.

Kisa kimebuniwa, lakini kilichochewa na jambo la kweli. Oktoba 1988, polisi wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 20, waliitwa kuangalia gari lililoachwa kwenye barabara ya Walsh, mjini Melbourne. Walipigwa risasi wakafa. Wanaume wanne walishtakiwa, na mwaka 1991 wote wanne wakaachiliwa huru. Mji ule uliishi na kidonda hicho miaka mingi kabla ya mtu kukiwekea kamera.

Angalia sasa mwelekezi alichofanya. Ndugu wale wapo, wanatisha, lakini hakuwaweka katikati. Katikati amemweka mpwa, kijana asiyesema mengi, aliyeingia nyumba ile kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Sisi tunawaona wajomba kwa macho yake, na kwa macho yake hakuna fahari. Kuna woga. Hawana suti nzuri. Hawalali. Udugu wao umegeuka kamba: kila mmoja anaivuta kuhakikisha mwenzake hajaenda mbali. Usalama wao hautoki kwenye damu moja kamwe. Unatoka kwa mama anayenyamaza, kwa wakili anayempanga shahidi, na kwa polisi anayepokea.

Utaniuliza, Melbourne na Mombasa wapi na wapi? Uzi upo, tena wa baharini. Aprili 2014, ilikuwa meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, iliyosimamisha jahazi mashariki mwa Mombasa na kukuta heroini kilo 1,032 imefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Zaidi ya tani moja, kwenye jahazi moja. Unga huo huanzia mashamba ya Afghanistan, hushuka hadi pwani ya Makran upande wa Iran na Pakistan, kisha hupakiwa majahazini kuja kwetu. Ni bahari ile ile iliyokuwa ikileta tende na kuchukua boriti. Agosti mwaka huo huo, serikali ililipua baharini meli iliyokamatwa na heroini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia.

Novemba 2014 ndipo Baktash na Ibrahim Akasha walipokamatwa hapa Mombasa, pamoja na Mhindi mmoja na Mpakistani mmoja. Waliodhani ni wanunuzi wa genge la Kolombia walikuwa watu wa kitengo cha Marekani cha kupambana na dawa za kulevya. Mkononi mwa watu hao zilikuwa zimefika heroini kilo 99 na methamfetamini kilo mbili. Baba yao, Ibrahim Abdalla Akasha, alikuwa ameuawa kwa risasi mjini Amsterdam mwaka 2000. Filamu ya kawaida ingeanzia hapo, kwenye damu ya baba, na kuanzia dakika ya kwanza tungekuwa upande wa watoto.

Kesi ya kuwapeleka Marekani ilivutwa Mombasa kwa zaidi ya miaka miwili. Mwishoni mwa Januari 2017 wakatiwa ndegeni na kupelekwa New York, ilhali kesi ile haijafika mwisho. Oktoba 2018 walikiri makosa. Agosti 2019 Baktash akahukumiwa miaka 25 jela, na Januari 2020 Ibrahim akahukumiwa miaka 23.

Hapa ndipo filamu ya maskani huruka. Miongoni mwa makosa waliyoyakiri ni kuzuia haki isitendeke: waliwahonga maafisa wa Kenya ili safari ile ya Marekani icheleweshwe. Tusimame kidogo. Rushwa haina mkono mmoja. Ukisema nimetoa, basi yuko aliyepokea. Aliyetoa anatumikia kifungo ng'ambo. Aliyepokea hakusimama kizimbani New York, kwa kuwa si yeye aliyekuwa akitafutwa kule. Alikuwa wetu sisi kumtafuta.

Tazama jinsi sheria yetu ilivyotendwa katika kisa hiki. Kwanza ilinunuliwa, kwa kukiri kwa wanunuzi wenyewe. Kisha, ilipoonekana haitembei, ikarukwa, watu wakatolewa nchini kabla ya mahakama kusema neno la mwisho. Wako walioshangilia siku ile, na naelewa kwa nini. Mama aliyemzika mwanawe kwa ajili ya unga hana haja na hoja za kisheria. Lakini tuwe wakweli: mara zote mbili mahakama ya Mombasa haikufanya kazi yake. Habari za ufisadi wa nyumbani kwetu tulizisikia kutoka kwa waendesha mashtaka wa Manhattan, kama mtu anayeambiwa na jirani kwamba paa lake linavuja.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza ninayotaka vijana waigawe ni ya afisa. Si lazima awe jaji wala mkubwa wa polisi. Anaweza kuwa karani anayepoteza faili, askari anayesahau kufika kutoa ushahidi, daktari anayeandika cheti cha ugonjwa, mtu wa bandarini anayetazama upande mwingine kwa nusu saa. Hana bastola. Jioni anarudi nyumbani na mkate. Bila yeye, ndugu wawili ni watu wawili tu.

Nafasi ya pili ni yetu sisi majirani. Naomba nieleweke. Sisemi juu ya jamaa, mke au mtoto wa mtu yeyote aliyetajwa hapa. Hatia si urithi, na mtu hachagui ukoo wa kuzaliwa. Ninasema juu ya tabia ya mji mzima. Tumeona fedha zisizo na asili zikilipa karo za watoto wetu, zikinunua jezi za timu za mtaa, zikifuturisha watu mwezi mtukufu, zikigharamia kampeni za uchaguzi. Kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni jana, leo anateremka kwenye gari jipya, nasi tunasema Mungu amemfungulia. Hakuna anayeuliza, kwa sababu kuuliza ni husuda. Yule nyanya wa Melbourne hakushika bunduki hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupika na kutouliza. Wangapi kati yetu tumefanya kazi hiyo hiyo? Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wanatuzungumzia sisi.

Na sasa nafasi ya tatu, ambayo kwangu mimi ndiyo ya katikati.

Tunaposema filamu ya ndugu, kwa nini mawazo yetu huenda kwa ndugu wauzaji tu? Kwani teja hana ndugu? Ingia nyumba za Pwani uone. Kuna mama anayefunga mtungi wa gesi kwa mnyororo na kufuli, kwa sababu mwanawe wa pili ameshauuza mara mbili. Kuna kaka anayelala na viatu chini ya mto. Kuna dada ambaye posa yake ilivunjika walipojua kaka yake anajidunga. Kuna mdogo mtu anayemkuta mkubwa wake na arosto, anatetemeka, anatapika, anaomba shilingi mia, na mdogo huyo hajui kama akimpa anamsaidia au anamuua. Huo nao ni udugu, tena wenye mtihani mkubwa kuliko wa kugawana faida.

Mambo haya yana historia yake hapa kwetu. Malindi ilikuwa na kituo cha Omari Project cha kuwasaidia walioathiriwa na heroini tangu 1995, wakati wengi wetu bado tulikuwa tukisema hayo ni mambo ya wageni. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika Pwani. Mtu angedhani hiyo ni habari njema, lakini mamia ya watu waliachwa na arosto kwa mpigo mmoja, hospitali zikiwa hazina maandalizi. Hapo tukajifunza kwamba kukamata unga bila kumtibu mtu ni kumaliza nusu ya kazi.

Mwaka 2015 tiba ya methadoni ikaanza Malindi, na baadaye vituo vikafunguliwa Kisauni na Kombani. Dawa hii ni ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Si mara moja kwa wiki. Kila siku, Jumapili na Idi pia, na wengi huinywa kwa miaka. Anayekosa siku kadhaa mfululizo hupimwa upya kabla ya kurudishiwa kipimo chake. Sasa piga hesabu ya nauli ya matatu kwenda na kurudi, kwa mtu asiye na kazi, siku 365. Mara nyingi anayeilipa ni ndugu. Ndiye anayemwamsha asubuhi, ndiye anayemsindikiza mwanzoni kwa sababu njiani kuna wauzaji wanaomjua kwa jina, ndiye anayevumilia maneno ya mtaa kwamba anapoteza pesa kwa mtu aliyekwisha.

Ndugu wawili, asubuhi, wanavuka na feri ya Likoni kwenda kunywa dawa. Mmoja amekwisha kumwibia mwenzake kila kitu. Hawasemezani. Lakini wako pamoja. Nionyesheni mwandishi wa sinema atakayeniambia hakuna filamu hapo.

Wako watakaosema watazamaji hawataki huzuni, wanataka risasi. Animal Kingdom ina risasi, tena za kutosha, na inamfanya mtu asahau kupumua. Tofauti ni kwamba kila risasi pale ina gharama, na gharama hiyo tunaiona usoni mwa mtu. Wengine watasema kisa chetu ni cha hatari, waachiwe wageni. Hilo nalikataa. Mgeni akija na kamera yake atatafuta majahazi, minara ya misikiti, wanawake wa buibui na sauti ya adhana nyuma ya mlio wa bunduki. Atatufanya mandhari. Hatajua kwa nini mtungi wa gesi una kufuli.

Kwa vijana wa Pwani wanaoshika kamera, na siku hizi ni wengi, nina machache ya kuwaomba. Anzeni na kumbukumbu za mahakama, kwani hukumu za New York zilitolewa hadharani na yaliyokiriwa yameandikwa. Msimtie mtu hatiani kwa uvumi wa baraza. Waliopona wapo, wanatembea, wanafanya kazi. Waketisheni mezani wakati wa kuandika, muwalipe kama mnavyowalipa waigizaji. Na wazee wetu nao wasiwafukuze mkija kuuliza. Aibu ya mji haipungui kwa kufichwa, hukua.

Nasi tusio na kamera tunalo letu. Ndugu wawili walipoondoka Mombasa, unga haukuondoka nao. Wanaoubeba ni wengine, na wanaoupokea bahasha zake ni wengine. Haitoshi kukumbuka majina ya waliofungwa. Tuwaulize wanaotuomba kura Pwani: kile kilichokiriwa New York kuhusu maafisa wetu, kilifuatiliwa na nani, na matokeo yako wapi? Methadoni imetengewa kiasi gani katika bajeti, na wafadhili wakijiondoa, nani ataendelea kuinunua?

Wiki hii ukipita maskani, waulize tena vijana juu ya filamu yao. Nafasi ya kaka mkubwa na ya mdogo wake zimeshapata watu, hilo najua. Waulize nani ataigiza afisa anayerudi nyumbani na mkate, na nani ataigiza mama wa mtungi wa gesi. Uwaulize pia kama yuko aliye tayari kuigiza yule kaka anayevuka feri kila asubuhi. Huenda utakuta mmoja wao amenyamaza, akatazama chini. Huyo usimharakishe. Kaa naye, kwani pengine ndiye mwenye kisa.